Swali la Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimekalia kuti kavu. Bosi ameniita asubuhi kabla hata sijavua koti. Akasema kipindi changu, Meza ya Mwandishi, kinasikilizwa na watu wachache. Nikamuuliza wachache kiasi gani. Akasema walifanya hesabu wiki iliyopita, na kwamba mmoja wao ni mama mkwe wangu.

Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja kila Alhamisi saa kumi jioni nakaa na waandishi, washairi na wasimulizi, nawauliza kuhusu kazi yao ya kubuni. Sauti yangu inajulikana mji mzima. Juzi kinyozi aliitambua kabla sijakaa kitini. Akashusha pumzi ndefu.

Najua nani yuko nyuma ya haya. Bwana Mawingu. Anasoma hali ya hewa, dakika mbili, mvua au jua, kwisha kazi. Sasa anataka nusu saa yangu. Amemwambia Bosi kwamba mawingu yana mengi ya kusemwa. Mawingu!

Bosi amenipa sharti moja. Nimlete Bibi Vitabu. Huyu ndiye aliyeandika riwaya tano ambazo watu walizisoma mpaka majalada yakachomoka, kisha akanyamaza. Miaka kumi na tisa sasa, hakuna kitabu, hakuna gazeti lililopata neno lake. Kwa nini aliacha kuandika? Hakuna anayejua. Bosi anasema akija kuyasema hayo kwenye meza yangu, kipindi kinabaki. Asipokuja, kuanzia Aprili ni mawingu. Siku ya hukumu ni Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 13.

Sina wasiwasi. Nina mkakati.

Jumanne, 4 Machi

Mkakati wenyewe: kwenda kwake kama msoma mita za maji. Mama mzee hawezi kumfukuza msoma mita. Nikishaingia ndani, nitamlainisha kidogo kidogo. Nikaazima ovaroli la jirani fundi bomba, nikashika jalada na penseli. Mke wangu akaniuliza kwa nini nisibishe hodi tu, nikaomba. Nilicheka. Wanawake hawaelewi mambo ya habari.

Anakaa nyuma ya duka la fundi viatu, vyumba viwili, mlango wa kijani. Nikabisha. Akafungua mwenyewe, mfupi, miwani imening'inia shingoni. Nikaikoroga sauti yangu, nikasema mita, mama. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema karibu, mtu wa redio.

Nikakana! Akasema sauti hiyo anaisikia kila Alhamisi, na kwamba mita iko nje, nimeipita.

Nikaona bora niseme ukweli. Nikamwomba aje kipindini. Akasema atakuja keshokutwa. Hivyo tu! Nikamuuliza mbona hakujibu barua zangu tatu za miaka iliyopita. Akasema alizisoma zote, kila moja kurasa sita, na hakuna mahali alipoulizwa kitu.

Nadhani macho yake yana shida. Wakati wa kutoka nilisoma mita hata hivyo, nisionekane nimekuja bure.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika maswali arobaini na mawili. Mazuri mno. Swali la tano peke yake lina kurasa mbili. La kumi na saba ndilo lenyewe: kwa nini uliacha kuandika? Nimelipigia mistari mitatu chini yake.

Mama mkwe alikuwa mezani anachambua mchele. Yuko nasi mwaka wa sita sasa, tangu nyonga ilipomsumbua. Mtu mwema, ila maneno mengi. Kila asubuhi akienda kuanika nguo uani, majirani wote wanajikuta na nguo za kuanika. Anawasimulia. Mara mume aliyejificha kwenye pipa, mara harusi ambayo bwana harusi alikosea nyumba. Nguo zinachuruzika mikononi mwao wala hawana habari. Umbea mtupu.

Nilimsomea swali la tano. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, baba, hilo limeshajijibu lenyewe, mgeni atasema nini tena? Nikamjibu kwa heshima kwamba redio ni fani. Akasema haya, akarudi kwenye mchele.

Studio nimetoa amri. Fundi mitambo asiguse mtambo wangu kesho. Nimemwona mara mbili akinywa chai na Bwana Mawingu, wanacheka. Siyo bure, kuna hujuma inapikwa. Kesho mitambo yote nitaiwasha mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya ushindi!

Amekuja kurekodi kwa wakati, kavaa gauni la samawati, kashika mkoba magotini. Fundi nilimketisha nje ya kioo, mikono mapajani. Nikavaa hedifoni. Nikawasha. Sauti yangu leo ilikuwa safi ajabu. Sijawahi kuisikia hivyo, haikuingiliwa na kitu, hata mkwaruzo.

Dakika arobaini tukaenda bila kukwama. Mimi nauliza, yeye midomo inacheza, mimi natikisa kichwa, naitikia naam, naam, huku macho yako kwenye swali linalofuata. Hii ndiyo siri ya kazi. Mtangazaji mchanga humsikiliza mgeni, akajikuta hajui aulize nini.

Swali la kumi na saba lilikuwa tamu. Nililiuliza taratibu, kwa sauti ya chini. Bibi Vitabu akavua miwani. Kisha akaongea kwa muda mrefu, na nilipoinua macho nikaona anajifuta kwa leso. Machozi! Kwenye kipindi changu! Nikamwambia vizuri sana, nikaenda swali la kumi na nane, kama anapendelea kalamu ya wino au penseli.

Wakati wa kuondoka alinishika mkono. Akasema jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu. Nikamwambia asijali, wengi huniambia hivyo.

Nilimpita Bwana Mawingu kwenye korido nikapiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi

Kimenuka.

Asubuhi nimekaa na Fundi tusikilize. Sauti yangu. Swali. Kimya. Sauti yangu: naam. Kimya. Naam, naam. Kimya. Swali. Dakika arobaini nzima! Mimi na kimya, kimya na mimi.

Fundi akainama, akatazama mtambo. Akasema maiki ya mgeni haikuwashwa. Kuna kitufe chake, chekundu, pale pale kando ya changu. Nikasema hujuma. Akasema mtambo aliushika nani?

Kisha akaniuliza swali lililoniudhi sana. Akaniuliza taratibu, kama daktari, ilikuwaje dakika arobaini zote nisigundue kwenye hedifoni kwamba simsikii mgeni.

Nikasema nilikuwa kazini.

Akasema sawa, basi nimwambie tu, mama wa watu alijibu nini swali la kumi na saba. Niliona midomo, niliona leso. Maneno sikumbuki hata moja. Si kwamba nimeyasahau. Sikuyapata.

Fundi hakucheka. Ningependa angecheka. Akatoka, akaniacha na kitufe chekundu.

Nimekaa pale nusu saa. Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma, roho iliniuma. Mtu kakulilia mbele yako, na huna hata neno moja la kumrudishia. Lakini kulia hakuwashi maiki. Nimepata mkakati mwingine.

Jumamosi, 8 Machi

Maswali ninayo kwenye kanda. Yanakosa majibu tu. Kwa hiyo nahitaji mama mmoja mzee mwenye sauti ya mama mzee. Na mama mzee ninaye nyumbani.

Nimemwendea mama mkwe kwa adabu zote, nimeshika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili. Nikamweleza. Nikampa majibu niliyomwandikia usiku kucha, arobaini na mawili, yote ya kisomi. Akayapokea. Akasema miwani yake haioni vizuri maandishi ya uongo, atajibu kwa kichwa chake.

Mahali pa kurekodia: kabati la nguo chumbani kwetu. Nguo hufyonza mwangwi. Tukaingia sote wawili, yeye juu ya kigoda, mimi nimesimama katikati ya makoti na kinasa sauti. Nikauliza swali la kwanza, unaanzaje hadithi. Akasema anaanza na viatu. Ukimjua mtu amevaa viatu gani na vimelika upande upi, utajua anakotoka na kwa nini amechelewa. Nikauliza unajuaje hadithi imeisha. Akasema ni pale msikilizaji anapoacha kuuliza ikawaje na kuanza kusimulia ya kwake.

Majibu ya ajabu ajabu, lakini sauti ilifaa. Tukafika la kumi na saba. Nikauliza. Kimya. Nikadhani amesinzia. Nikawasha tochi. Alikuwa ananitazama.

Akasema, baba, hilo siwezi kumjibia mtu. Nikamsihi. Nikamwambia kipindi kitakufa. Akasema mtu akikupa jambo lake uso kwa uso, nawe ukaliangusha, unarudi kumwomba radhi, huokoti lolote barabarani ukasema ndilo lenyewe.

Hapo ndipo mke wangu alipofungua kabati kutafuta kanga. Akatukuta, mimi na mama yake, gizani, na tochi. Hakuuliza kitu. Akachukua kanga, akafunga mlango.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amevaa viatu vyake vya kutokea. Akasema twende. Nikasema wapi. Akasema unajua wapi.

Njiani nilipanga maneno. Studio iliungua. Moto mkubwa, mitambo yote majivu, nimeponea chupuchupu. Moto hauna lawama. Tukabisha mlango wa kijani. Nikaanza: mama, jana kulitokea moto. Mama mkwe akanikata. Akamwambia mwenzake, shikamoo dada, huyu ni mkwe wangu, hakuwasha maiki yako, na alichosikia hakukisikia.

Ardhi ingenimeza ningeshukuru. Bibi Vitabu alitutazama. Kwanza mimi, kisha mama mkwe, kisha mimi tena. Halafu akacheka! Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema alijua. Alijua tangu pale alipomaliza kulia akaulizwa habari za kalamu.

Wakaingia ndani wakakaa. Mimi nikatumwa sukari. Niliporudi nikatumwa majani ya chai. Niliporudi tena nikaambiwa kibaraza hakijafagiliwa. Saa tatu nzima! Nilikuwa natega sikio na ufagio mkononi nikitarajia mambo ya fasihi. Wapi! Mara magoti yao. Mara wakwe, hapo sauti zikashuka. Mara mama mkwe anamsimulia ile ya bwana harusi aliyekosea nyumba, na Bibi Vitabu anamuuliza kwa nini mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe akasema hajawahi kuulizwa hilo. Kisha mama mkwe akasema labda kuna mtu mwingine alikuwa anasubiriwa. Wote wawili wakapiga kelele kama wameokota dhahabu.

Mwishoni nikaitwa ndani. Bibi Vitabu amekubali tena, keshokutwa, hapa hapa kwake. Kwa sharti. Mama mkwe ndiye atakayeuliza. Mimi nitabonyeza kitufe na kunyamaza.

Mimi ninyamaze! Nimekubali kwa sababu ya hali. Lakini dibaji ya kipindi lazima niiseme mimi, hilo sitaki mchezo.

Jumanne, 11 Machi

Tumerekodi. Maiki zote zimewaka, nimezihakikisha mara nne. Mama mkwe alinipa peremende kubwa ya kumumunya, akasema ikiisha atanipa nyingine. Zimekwenda tano.

Nimeumia sana. Hakuwa na karatasi hata moja. Anauliza kitu, anapewa jibu, anatazama dirishani, anasema aaa. Aaa! Hilo si swali. Na mwenzake anaendelea peke yake. Swali la kumi na saba hakuliuliza kabisa. Nilimpa ishara kwa vidole, kumi, kisha saba. Akanipa peremende. Badala yake akamuuliza kitu kisicho kwenye orodha: ulipokuwa unaandika, nani alikuwa wa kwanza kusikia?

Hapo ndipo maongezi yalipopotea njia. Bibi Vitabu akaanza habari za marehemu mumewe. Alikuwa dobi. Alipigia nguo za watu pasi kwenye chumba hicho hicho tulichokaa, pasi ya mkaa, meza chini ya dirisha. Kusoma hakujua. Basi jioni yeye Bibi Vitabu anakaa kwenye kigoda, anamsomea alichoandika siku hiyo, mume anapiga pasi. Hakusema zuri wala baya. Kama sura imepooza, pasi inakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na yeye anajua kesho aifute. Kama imekaa, mume anasahau mkono wake. Pasi inasimama. Kisha harufu ya kuungua.

Akasema vitabu vyake vyote vitano viliandikwa kwa pua. Kitabu cha pili peke yake kiliunguza mashati tisa. Sura ya mwisho ya kile cha tano iliunguza suruali ya harusi ya mwalimu, tundu la pasi nzima, na mume akatoka nayo mwenyewe kwenda kuomba radhi. Hakumwambia mwenye suruali sababu. Alirudi, akasema, haya, ikawaje?

Mama mkwe akasema aaa.

Bibi Vitabu akaendelea. Walipomzika, ulipita mwaka. Akaandika sura moja. Anaamini ilikuwa nzuri kuliko zote. Jioni akakaa kwenye kigoda akaisoma kwa sauti, mbele ya meza tupu. Pasi ilikuwa juu ya rafu, baridi. Akasoma mpaka mstari wa mwisho. Akanusa. Hakuna. Akazikunja karatasi.

Wakalia wote wawili, wameshikana mikono. Mimi nikaangalia betri. Bado ilikuwa na nguvu, nikashukuru.

Nilisubiri aseme kwa nini aliacha kuandika. Hakusema. Dakika saba za pasi, na sababu hakuitaja! Nilitaka kuingilia, lakini nilikuwa nimejaza mdomo.

Jumatano, 12 Machi

Siku nzima kwenye chumba cha kuhariri. Saa moja ya maongezi lazima iwe dakika ishirini na nane. Kazi ya ubongo huu.

Kwanza nikaweka dibaji yangu, dakika saba. Ndani yake nimeeleza kwa nini mwandishi huacha kuandika, kwa kuwa mwenyewe ametunyima: uchovu, umri na mabadiliko ya jamii. Imetoka vizuri. Kisha nikatoa aaa zote za mama mkwe. Nikatoa kimya chote. Nikatoa magoti. Mwisho nikafika kwenye pasi. Nilijiuliza inahusiana nini na fasihi. Wasikilizaji wangu si madobi. Nikaikata yote.

Fundi alikuwa pembeni anakunja nyaya. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia kijana wangu, kuhariri ni kujua kipi kina uzito. Akasema nimpe kanda zote mbili, nzima na iliyokatwa, atazipanga vizuri kwa kesho. Nikampa. Naona amebadilika, ameacha usaliti.

Jioni nikampitia Fundi mlangoni kumuaga. Alikuwa humo na Bwana Mawingu, wanasikiliza kitu. Bwana Mawingu ameinamisha kichwa, anapenga kamasi. Ameogopa! Ameonja dibaji yangu akaona nusu saa inamponyoka. Nilimhurumia kidogo.

Alhamisi, 13 Machi

Saa kumi kamili kipindi kikaenda hewani. Mimi sikukisikiliza. Ningekisikiliza vipi? Nilikuwa mapokezi nawaeleza dada wa mapokezi, mlinzi na fundi wa lifti jinsi nilivyokitengeneza, hatua kwa hatua. Walinyamaza kimya, wametega masikio upande wa spika ya ukutani. Ilibidi nipandishe sauti mara mbili. Katikati mlinzi akaniomba radhi, akaniomba pia ninyamaze. Watu hawana adabu siku hizi.

Kisha simu zikaanza. Saa kumi na nusu na dakika moja! Dada wa mapokezi hakuwa na mkono wa kutosha. Mama mmoja alipiga kutoka jikoni, akasema wali umeungua. Fundi cherehani akasema alisimamisha cherehani katikati ya mshono. Mzee mmoja hakusema kitu, alipumua tu, akakata, akapiga tena, akasema asanteni. Na wote wanataja pasi. Pasi, pasi, pasi! Nikauliza pasi gani?

Fundi akaja. Akasema wazi, bila haya, kwamba aliirudisha pasi yote, na kwa kuwa nafasi haikutosha, aliitoa dibaji. Dakika zangu saba! Uchovu, umri na mabadiliko ya jamii, chini ya meza! Nikamuuliza kwa idhini ya nani. Akanionyesha kwa kidevu.

Bosi alikuwa mlangoni, macho mekundu. Sijawahi kumwona hivyo tangu aanze kazi. Akanishika bega. Kisha akasema kipindi kinabaki. Bwana Mawingu akanipa mkono, akasema dakika zake mbili zinamtosha, na hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kusikia hapo ndani. Nikamshukuru kwa niaba yangu mwenyewe.

Nyumbani nimemkuta mama mkwe hayupo. Amekwenda kwa Bibi Vitabu. Mke wangu ameniambia nimefanya vizuri kuwaacha waongee. Nikamwambia ni mbinu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelala nikitafakari. Nimeamka na jibu. Miaka kumi na moja nilikuwa nawauliza waandishi mambo yasiyo na maana, maisha, mawazo, uchungu. Kumbe wasikilizaji wanapenda vyombo vya nyumbani! Simu sitini na tatu, na kila moja pasi. Nani angejua? Nimejua mimi, kwa kuwa nachunguza.

Basi mfululizo mpya huu hapa: Mwandishi na Chombo Chake. Wiki ijayo anakuja yule mshairi mwenye ndevu. Nimemwandalia maswali hamsini, arobaini kati yake ni kuhusu friji. Wiki ya pili msimulizi wa hadithi za watoto, na ndoo. Nimemwambia Bosi. Akafunga macho kwa muda. Nadhani alikuwa anaiona picha.

Mchana huu nimempigia mshairi simu kuhakikisha. Nikamuuliza ana friji? Akasema ni ajabu nimuulize hivyo. Akaanza kunieleza habari za mama yake, jinsi alivyokuwa akimwandikia maneno mawili matatu kwenye kikaratasi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kwamba alipofariki...

Sikuweza kumfuata vizuri, maana jikoni kulikuwa na kelele. Bibi Vitabu amekuja kututembelea. Amekaa kwenye kigoda na karatasi magotini, mpya kabisa, wino haujakauka, anasoma kwa sauti. Mama mkwe yuko jikoni na mwiko. Nyumba nzima inanuka. Nikaenda kutazama. Maharage yetu yote yameungua, sufuria nyeusi tii, moshi mpaka darini. Mama mkwe kasimama na mwiko hewani, hana hili wala lile. Na Bibi Vitabu badala ya kuomba radhi ameacha kusoma, anainusa ile harufu, anacheka huku machozi yanamtoka.

Watu wazima wawili! Na chakula cha mchana ndicho hicho.

Nikawafungia mlango wa jikoni ili nimsikie mshairi vizuri. Bado alikuwa na mama yake na vile vikaratasi, sauti imeanza kumtetemeka. Nikamkatiza kwa upole. Nikamuuliza tena, friji anayo au hana?